Winifrida na tone la kwanza la marashi

Saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijavuka milima ya Al Amerat, nje kidogo ya Muscat, Winifrida Apolinary amepiga magoti mbele ya jiko la udongo anapuliza moto unaomgomea. Kuni ni za mgunga, kavu kabisa, lakini leo zinatoa moshi tu. Machozi yanamtoka, anayafuta kwa kiwiko, anapuliza tena.

"Moto wa leo una kiburi," anasema bila kugeuka. "Unajua kuna mgeni."

Mgeni anayesemwa si mwandishi wa makala haya, ingawa naye amefika asubuhi hii na kukaribishwa tende na kahawa. Mgeni ni chungu. Kimekaa juu ya jiko, cha shaba nyekundu, kinang'aa hadi mtu anaweza kujitazama na kurekebisha kilemba. Kimeletwa juzi kutoka kwa mfua shaba wa Nizwa na hakijawahi kuonja moto.

Kile cha zamani kimeegemezwa ukutani, cheusi tititi. Moto umekila kitako miaka na miaka, na sasa ukikiinua juu unaona nukta za mwanga zikipenya.

Huu ni ua wa nyumba ya Bi Muhsina, mjane mwenye asili ya Unguja, na kinachopikwa hapa ni maji ya waridi, au marashi kama wanavyoyaita wenyewe. Wanunuzi wake hutoka hadi Ruwi na Wattaya. Wengine huyatia kwenye kahawa, wengine kwenye halua, wengine huwarashia wageni wa maulidi. Na yuko anayekuja kimyakimya, kajiinamia, akiomba chupa moja ya kumwoshea maiti. Huyo Bi Muhsina hamtozi hata baisa moja.

Upishi wenyewe ukiutazama hauna maajabu. Petali za waridi huwekwa ndani ya chungu pamoja na maji kidogo. Katikati huning'inizwa bakuli. Juu hufunikwa kwa sufuria ya duara iliyojaa maji baridi, na mdomo huzibwa kwa kitambaa kibichi ili mvuke usipate pa kutorokea. Mvuke hupanda, hugonga kitako baridi cha sufuria, hugeuka matone, na matone huanguka bakulini. Basi. Ila moshi wa mgunga nao huingia, hujui umepitia wapi, na huo ndio unaofanya marashi ya nyumba hii yajulikane. Yana rangi ya chai nyepesi na yananukia waridi lililopita karibu na moto.

Winifrida ndiye mpishi. Ana miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Muleba mkoani Kagera, Mkatoliki anayesali Ruwi kila Ijumaa, siku ya mapumziko huku. Kidole gumba chake cha kulia kina kovu la kuungua ambalo anasema ni cheti chake cha shule.

Leo hataki utani mwingi. Tunapomuuliza kwa nini, anajibu papo hapo.

"Chungu hiki kikikubali, nabaki. Kikikataa, narudi nyumbani. Na mimi nikirudi nyumbani, mama yangu anarudi migombani."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotufanya tuvute kiti.

Kwanza, habari ya kubaki na kurudi. Thani, mtoto wa Bi Muhsina, anauza magari katika duka moja la Wattaya na kila siku huvuka mlima kwenda na kurudi. Ni kijana mwungwana, mcheshi, na anampenda mama yake. Kwa sababu hiyo hiyo amechoka kumwona akikohoa moshi. Amekwishaona mtambo wa stenlesi unaotumia gesi, unaojiendesha wenyewe na kutoa marashi meupe kama maji ya mvua.

"Mama kasema chungu cha zamani kimekufa, tufue chengine. Nikamwambia sawa, ya ummi, tujaribu," Thani anatueleza. "Lakini kama marashi yakitoka mengine, khalas, tunaleta mtambo. Kwa nini tuungue na moshi halafu tusipate hata ile harufu yetu?"

Hoja yake haina kasoro, na Winifrida mwenyewe anakubali. Tatizo ni kwamba mtambo haupulizwi. Mtambo ukija, nyumba hii haitakuwa na haja ya mpishi.

Chungu kilichokufa kina historia ndefu kuliko ukoo wa baadhi yetu. Alikinunua marehemu Humam, mume wa Bi Muhsina, familia iliporejea Oman kutoka Unguja. Yeye alikwenda kwa ndugu zake wa Jabal Akhdar, mlima wa mashamba ya waridi, akakaa nao msimu mzima wa waridi, akateremka na chungu na elimu ya kupika. Walianza kupika Ruwi, juu ya paa la nyumba ya kupanga, mpaka majirani waliokuwa wakianika nguo walipowashitaki kwa mwenye nyumba.

"Mashati yao yote yalikuwa yananukia," anasema Bi Muhsina, akicheka hadi meno ya dhahabu yakaonekana. "Wenginewe wangelipa pesa. Wao wakagomba."

Wakahamia Al Amerat, na njiani, kwenye kona za mlimani, chungu kikaruka kutoka nyuma ya gari. Kilipookotwa kilikuwa na bonyeo ubavuni, kubwa kama kiganja. Marehemu alitaka kulinyoosha. Bi Muhsina akamzuia mpaka wapike kwanza. Walipopika, marashi yakatoka mazuri kuliko ya Ruwi, na tangu siku hiyo bonyeo likapata heshima ya mwanafamilia.

Mwaka huu, mfua shaba alipoombwa afue chungu kipya, Bi Muhsina alimpelekea picha ya bonyeo. Yule bwana akapiga simu kuuliza kama amesikia vizuri, kwamba amalize kazi ya wiki nzima kisha aiharibu kwa nyundo.

"Nikamwambia ndiyo, kipige hapo hapo, usinipunguzie," anasema Bi Muhsina.

Thani anasema hata Uskoti, amesoma mahali, wenye viwanda vya zamani vya wiski wakibadilisha chungu chao cha shaba huiga mpaka mabonyeo, wakiamini ladha inakaa humo.

"Astaghfirullah!" Bi Muhsina anamkata. "Mie mwanamke wa marashi unanilinganisha na walevi?" Kisha anaegemea mbele kidogo. "Na wao hupiga nyundo kweli?"

Winifrida anacheka peke yake jikoni. Kicheko hicho kina sababu.

Mama yake, kule Muleba, alikuwa mpika gongo, pombe kali iliyokatazwa na sheria. Hakuwa na shamba la kutosha wala mume wa kumsaidia, kwa sababu Mzee Apolinary alifariki mapema. Alikuwa na ndizi, pipa, bomba la shaba na kijito nyuma ya migomba. Winifrida alikua akikoleza moto migombani huku dada zake wakilinda njia, kwani mgambo wangeweza kutokea upande wowote. Siku moja walitokea upande ambao hakuna aliyekuwa akiulinda. Mama akachukuliwa mbele ya wanawe, pipa likapasuliwa kwa shoka.

"Alirudi baada ya siku chache, akatafuta pipa jingine," anasema Winifrida. "Watu wanamsema, lakini hizi daftari zetu za shule zote zilitoka kwenye lile bomba. Mimi niliona aibu sana, siwezi kukudanganya. Nilimwonea aibu mama yangu, huku nakula ugali wake."

Alikuja Muscat kufanya kazi za ndani, miaka kumi na moja iliyopita, akawekwa kwa Bi Muhsina kufua na kupika. Alikubaliana jambo moja na mama yake kabla ya kuondoka: yeye atatuma pesa kila mwezi, na mama ataliacha pipa. Mama akaliacha. Mpaka leo, kila mwezi pesa ikichelewa, Winifrida hupiga simu na kusikiliza kwa makini kama nyuma ya sauti ya mama kuna mlio wa moto.

Kuhusu marashi, hakuna aliyemfundisha. Msimu wake wa kwanza, Bi Muhsina aliugua mgongo na kumwomba akae jikoni kuangalia moto tu. Petali zilikuwa zimeshuka alfajiri ile kutoka Jabal Akhdar kwa gari la Musallam, muuza waridi wao wa siku zote. Winifrida alipofunua chungu akaona bakuli limeanza kujaa, mikono yake ikafanya ilichofanya tangu utotoni. Alilitoa lile bakuli la kwanza, akaenda mlangoni, akamwaga chini.

Wapishi wa marashi wanaosoma hapa watakuwa wameshika vichwa. Maji ya kwanza ya waridi ndiyo yenyewe. Yanayofuata ni masalio yake.

Bi Muhsina alikuwa kitandani. Harufu ikamfuata mpaka chumbani. Akatoka ameshika ukuta na mgongo wake mgonjwa.

"Nikauliza, nani kamwaga marashi?" anasimulia. "Nikamwona huyu kasimama na bakuli tupu, uso hauna hatia hata chembe. Nikakaa pale kizingitini nikalia. Wallahi nililia. Waridi la mlima mzima lipo kwenye vumbi, paka anapita juu yake."

"Nikamwambia, Bi Muhsina, ya kwanza yanaua," Winifrida anaendelea. "Akasema yanaua nini? Nikasema kwetu maji ya kwanza yanapofusha macho ya watu. Mama alitufundisha, tone la kwanza ni la ardhi, hata kama mteja anasubiri. Akaniuliza, mama yako anapika nini? Hapo ndipo nikajua nimekwisha."

Alisema kweli. Gongo. Katika nyumba ya watu wanaosali sala tano, mbele ya mwanamke mwenye tasbihi mkononi.

Bi Muhsina anakiri kwamba alisema astaghfirullah, kisha akaisema tena. Halafu, na hapa anajifunika mdomo kwa ukaya wa kichwani kama msichana, akauliza swali ambalo marehemu mumewe asingeliamini.

"Nikamuuliza, na nyie mdomo wa pipa mnauziba na nini?"

"Kwa majani ya mgomba na udongo," Winifrida anajibu, kama anavyojibu siku zote.

Jioni ile alihamishwa kutoka kwenye kufua na kuwa mpishi wa marashi. Tulimuuliza Bi Muhsina kwa nini, baada ya hasara kama ile. Alitutazama kama watu wasiojua mambo.

"Mtoto kamwaga kwa kuogopa asije akamdhuru mtu. Mie nnauza kitu kinaingia kwenye kahawa za watu na kwenye masanda ya watu. Nnataka mtu anayeogopa."

Moto sasa umekubali. Jua limevuka mlima na ua umeanza kupata joto. Thani amechelewa kazini makusudi, kanzu nyeupe, ufunguo wa gari mkononi. Bi Muhsina ameletewa kiti. Winifrida anafungua kitambaa, anainua sufuria ya juu, anatoa bakuli la kwanza la chungu kipya.

Wote wanainama kunusa. Hata pua ya mwandishi, ambayo haikusomea mambo haya, inatambua. Waridi lipo, lakini mbele yake kuna harufu ya chuma, kali, kama sarafu iliyokaa mdomoni.

Thani anashusha pumzi. "Basi, mama. Tumejaribu."

Winifrida amelishika bakuli kwa mikono miwili. Kisha anasema kwa sauti ndogo kwamba kwao bomba likiwa jipya, mama alikuwa akilichemshia maganda ya ndizi na kumwaga, akachemsha tena na kumwaga, mpaka shaba izoee. Sijui kama waridi nalo liko hivyo, anasema. Sijui, Bibi. Naweza kukosea tena.

Na kukosea mwaka huu kuna uzito. Mvua ya mawe ilipiga Jabal Akhdar wakati machipukizi yanafunguka, na Musallam ameleta magunia machache, akiomba radhi kama vile mawe aliyarusha yeye.

Thani anapendekeza yale ya bakulini yatiwe chupani kama marashi ya kupikia, yauzwe kwa bei ya chini, lisipotee tone. Ni wazo la mfanyabiashara na halina dhambi.

Bi Muhsina ananyoosha mikono. "Nipe."

Anapokea bakuli. Anainuka bila msaada, anatembea polepole hadi mlangoni, kwenye kizingiti kile kile alichokalia akilia. Anainamisha bakuli na kumwaga lote chini.

"Leo zamu yangu," anasema. "La kwanza la ardhi. Hebu kizoesheni chungu."

Winifrida akaanza kulia pale pale, na hakujificha.

Hawakutumia petali mpya kwa mazoezi hayo. Winifrida alichukua makapi, zile petali zilizokwishapikwa, akayachemsha ndani ya chungu kipya, akamwaga, akachemsha tena, kutwa nzima na kesho yake. Ngozi ya shaba ikapoteza mng'ao, ikaanza kushika weusi kitakoni. Ndipo magunia ya Musallam yakafunguliwa.

Lakini marashi hayahukumiwi siku yanapopikwa. Huwekwa kwenye mitungi ya kioo, ndani ya chumba cha giza chenye ubaridi, yatulie na kuachana na ukali wa moto. Kwa hiyo ilibidi kila mtu angoje, na mwandishi akarudi zake mjini na harufu kwenye shati.

Winifrida anasema majuma yale yalikuwa marefu. Alimpigia mama yake simu na kumweleza kwamba kazi huenda ikaisha. Mama akacheka kumtuliza.

"Akasema, mwanangu usihangaike, migomba bado iko hapa. Alisema kwa upendo. Mimi nilikata simu nikaenda kukaa bafuni. Ana miaka sabini na moja. Mgambo wakija sasa hivi hata kukimbia hawezi."

Tuliporudi Al Amerat mwishoni mwa Mei, joto lilikuwa limekwisha kuwa joto la Muscat, la kukufanya umwonee huruma mbuzi. Mtungi wa kwanza ulikuwa mezani. Thani alikuwepo, safari hii bila ufunguo mkononi. Winifrida alimimina kahawa kwenye kikombe kidogo, akadondosha marashi, akampa Bi Muhsina kwa mkono wa kulia na yeye mwenyewe akarudi nyuma hadi mlangoni.

Bi Muhsina alinusa. Akanywa. Akafumba macho, akanywa tena, akamaliza kikombe chote. Ulikuwa ukatili, ukituuliza sisi.

"Siyo yale," akasema mwishowe.

Winifrida aliinama.

"Siyo yale ya baba yenu, Mungu amrehemu. Haya bado machanga, yana haraka kidogo. Lakini moshi upo." Akanyoosha kikombe. "Ni mtoto wake. Ukimwona unaijua nyumba aliyotoka. Hebu nitilie tena."

Thani alionja cha kwake, akatikisa kichwa, akacheka kwa namna ya mtu aliyeshindwa na hakuumia. Alituambia baadaye kwamba mtambo wa stenlesi utangoja, labda milele, na kwamba atajenga dohani ya kutolea moshi ili mama asikohoe. Sharti lake ni moja, bonyeo lisiguswe na fundi yeyote.

Kilibaki kile chungu cha ukutani. Thani alikuwa na rafiki Ruwi anayenunua shaba chakavu, akataja bei. Bi Muhsina alimtazama mpaka akanyamaza.

"Hicho si chakavu. Kimekwisha pewa mwenyewe," akasema, na kumwelekea Winifrida. "Nimekwisha sema na yule wa Nizwa, atakitia kiraka kitakoni. Mpelekee mama yako. Mwambie hicho kimezoea mambo ya halali, asikiharibu."

Huo ndio mpango wa Winifrida sasa. Chungu kitapakiwa kwenye mizigo ya meli hadi Dar es Salaam, kisha basi hadi Muleba. Waridi huko halipo la kutosha, lakini mchaichai umejaa kando ya kila nyumba, na watawa wa parokia wamekwishasema watanunua maji yake kwa ajili ya sabuni wanayotengeneza. Mama atapika. Hatahitaji mtu wa kulinda njia.

Winifrida alimpigia simu mama yake mbele yetu, simu ikiwa mezani kati ya vikombe, sauti ya bibi kizee wa Kagera ikijaza ua wa Al Amerat. Mama aliuliza chungu kina ukubwa gani. Akauliza kama kweli kina bonyeo. Kisha akauliza, kwa kushusha sauti kama aliyezoea kusikilizwa na wabaya wake, watakificha wapi.

"Hatukifichi, mama. Kinakaa mbele ya nyumba, kando ya barabara. Watu waone moshi."

Mama akataka arudiwe neno hilo, kando ya barabara, na Winifrida akalirudia.

"Na la kwanza?" sauti ikauliza. "La kwanza namwaga?"

Winifrida alifuta uso wake kwa kiwiko, kama afanyavyo kwenye moshi.

"Usimwage, mama. La kwanza jipake."